Mpapasa Kinanda wa Kukodi: Kwa Nini Wimbo Uleule Humlipa Huyu Mara Moja na Yule Maisha Yake Yote

"You Are So Beautiful" wa Joe Cocker ulitoka mwaka 1974, na hadi leo unapigwa harusini maharusi wakiingia ukumbini. Ukiusikiliza kwa makini utaona hauna mambo mengi. Kuna sauti ya Cocker iliyokwaruzika, kuna violini kwa nyuma, na kuna piano. Piano ndiyo inayoubeba: inatangulia, inamjibu mwimbaji kila anapomaliza mstari, inampisha anapohitaji nafasi. Aliyeipiga ni Mwingereza Nicky Hopkins. Aliyeutunga wimbo, akishirikiana na Bruce Fisher, ni Mmarekani Billy Preston, ambaye naye kazi yake ilikuwa kupapasa kinanda.

Basi hapo tuna watu wawili wa ufundi mmoja, ndani ya wimbo mmoja. Hopkins aliingia humo kama mwanamuziki wa kukodi, na mwanamuziki wa kukodi kwa desturi hulipwa ujira wa kikao, akaenda zake. Mtunzi yeye hana mwisho wa malipo. Wimbo ukiuzwa, ukipigwa redioni, ukirekodiwa upya na mwimbaji mwingine, ukiwekwa kwenye filamu au tangazo la biashara, fungu lake linamfuata, na akifa linawafuata warithi wake. Preston alifariki mwaka 2006. Wimbo bado unafanya kazi.

Watu wengi husikia habari hii wakaishia kusema kwamba wanamuziki wa studio wanadhulumiwa. Wapo waliodhulumiwa kweli. Ila mambo yamepindana zaidi ya hapo, na ukitaka kuelewa safari ya mpapasa kinanda wa roki lazima kwanza ujue anafanya nini anapoingia studio, kisha ujue sheria inakiitaje hicho alichokifanya.

Kazi yenyewe

London, New York na Los Angeles za miaka ya 1960 zilikuwa na mfumo mmoja unaofanana. Kikao cha kawaida cha kurekodi kilikuwa saa tatu. Chama cha wanamuziki kilikubaliana na kampuni za santuri kiwango cha malipo cha kikao hicho. Ukipitiliza muda unaongezwa, na Marekani kiongozi wa kikao hulipwa maradufu. Mtu hodari aliweza kupiga vikao viwili au vitatu kwa siku, asubuhi tangazo la sabuni, mchana mwimbaji wa mapenzi, usiku bendi ya vijana wenye nywele ndefu. Jina lake mara nyingi halikuandikwa popote kwenye jalada.

Katika muziki wa okestra mambo yalikuwa wazi. Mpangaji wa muziki alikuja na karatasi zenye noti zote, mpigaji akasoma, akapiga kilichoandikwa. Mchango wake ulikuwa utekelezaji. Roki haikuwa hivyo. Mtunzi alikuja na gitaa, maneno na melodi ya kuimba, pengine na kipande cha karatasi chenye majina ya sauti za gitaa zinavyofuatana. Akishaucheza mara mbili tatu, anamgeukia mpiga piano: weka kitu hapo mwanzo. Kitu chenyewe ni kipi? Hakuna aliyekiandika. Mpiga piano anakibuni palepale, saa ya ukutani ikihesabu.

Wapiga ngoma na besi nao hubuni. Lakini mpapasa kinanda yuko mahali pa hatari zaidi, kwa sababu chombo chake kina melodi, kina sauti nyingi kwa pamoja, na kinaweza kuimba peke yake. Ndiyo maana nyimbo nyingi za roki zinaanza na kinanda, na ndiyo maana kesi kubwa kuliko zote kuhusu jambo hili ni ya kinanda. Tutaifikia.

Nicky Hopkins, mfano wa upande mmoja

Hopkins alizaliwa tarehe 24 Februari 1944 huko Perivale, magharibi mwa London. Alianza piano akiwa na miaka mitatu, akasomeshwa kwa ufadhili katika Royal Academy of Music, kisha akiwa na miaka 16 akaacha shule hiyo ya heshima na kujiunga na bendi ya Screaming Lord Sutch, jamaa aliyekuwa akiingia jukwaani ndani ya jeneza. Wazazi wengi wangelia. Mwaka 1962 alihamia kwa Cyril Davies, mmoja wa waanzilishi wa blues ya Uingereza, na hapo maradhi yakamkamata. Alikuwa na ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo. Mwaka 1963 alilazwa hospitalini na kukaa humo zaidi ya mwaka mmoja akifanyiwa upasuaji mara kwa mara.

Aliporudi mzima kidogo, mwili wake haukuweza tena maisha ya gari na jukwaa. Studio ilimfaa: anakaa, anapiga, anarudi kulala nyumbani. Yaani Hopkins hakuuchagua ukodi kwa sababu hakuwa na ndoto ya kuwa nyota. Afya ndiyo iliyomwelekeza huko, na wakati huohuo London ilikuwa inafurika bendi ambazo hazikuwa na mpiga piano.

Orodha ya alikopita inachosha kuisoma. Alikuwa kwa Kinks, na mwaka 1966 bendi hiyo ilitoa wimbo "Session Man" unaomtania mwanamuziki wa kukodi, huku Hopkins mwenyewe akipiga hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi, ndani yake. Alikuwa kwa bendi ya Who. Piano ya umeme kwenye "Revolution" ya Beatles, ile ya singo ya mwaka 1968, ni yake. Piano ya "Jealous Guy" ya John Lennon ya mwaka 1971 ni yake. Alikuwa na Jefferson Airplane kwenye jukwaa la Woodstock mwaka 1969. Na kwa Rolling Stones alikaa muda mrefu kuliko kwa wote: "Sympathy for the Devil", "Gimme Shelter", "Angie".

Hao Rolling Stones walikuwa na mpiga piano wao, Ian Stewart, mwanzilishi wa bendi aliyeondolewa kwenye safu rasmi mwaka 1963 kwa kuwa meneja aliona sura yake haiendani na picha. Stewart alibaki kama msimamizi wa vyombo na mpiga piano wa hapa na pale, bila kinyongo, ila alikuwa na msimamo: yeye ni mtu wa boogie-woogie, nyimbo zenye sauti za majonzi hataki. Zikija hizo anainuka kwenye kiti. Wa kukikalia akawa Hopkins.

Sikiliza mwanzo wa "She's a Rainbow", wimbo wa Rolling Stones wa mwaka 1967. Kabla mtu hajaimba neno, piano inacheza kifungu kidogo kinachopanda na kushuka, chepesi, kama kisanduku cha muziki cha mtoto. Kisha kifungu hicho kinarudi kila baada ya ubeti, kikijibadilisha kidogo. Mwaka 1999 kampuni ya Apple ilipotangaza kompyuta zake za iMac za rangi mbalimbali ilitumia wimbo huu, na ukimuuliza mtu anakumbuka nini kwenye tangazo lile, ataanza kukuimbia piano. Watunzi walioandikwa ni Mick Jagger na Keith Richards. Hopkins hayumo.

Kuna sehemu moja ambako yumo. Albamu ya kwanza ya Who, ya mwaka 1965, ina kipande kisicho na maneno kinachoitwa "The Ox", na majina ya watunzi yaliyoandikwa ni manne: Townshend, Moon, Entwistle na Hopkins. Sauti zenyewe ni fujo tupu. Lakini kipande hicho kinaonyesha kwamba hata mwaka 1965, kijana wa kukodi aliweza kuhesabiwa mtunzi ikiwa waliomzunguka waliamua hivyo.

Haki mbili ndani ya santuri moja

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili tofauti, na sheria inaziangalia kama vitu viwili visivyohusiana.

Mali ya kwanza ni utunzi: melodi na maneno, kile kinachobaki hata ukiuimba bafuni. Hii ni ya mtunzi na mchapishaji wake wa muziki, ambao kwa desturi ya zamani waligawana nusu kwa nusu. Mali ya pili ni rekodi: zile sauti hasa zilizonaswa siku ile, studio ile. Hii kwa kawaida ni ya kampuni ya santuri, na msanii mkuu hupata mrabaha kutokana nayo kwa mkataba. Cocker akiimba wimbo wa Preston, Preston anakula kwenye mali ya kwanza, na Cocker na kampuni wanakula kwenye ya pili. Hopkins yuko ndani ya mali ya pili kwa vidole vyake, lakini hana hisa ndani yake kwa sababu alishalipwa ujira.

Jina kuandikwa kwenye santuri nalo lina daraja zake. Kutajwa nyuma ya jalada ni heshima. Kutajwa kama mwimbaji au mpigaji mkuu mbele ni heshima kubwa zaidi. Lakini jina lenye pesa ya kudumu ni lile dogo lililowekwa kwenye mabano chini ya jina la wimbo, pale katikati ya santuri. Billy Preston alilijua hilo vizuri. Tarehe 22 Januari 1969 aliingia studio ya Beatles pale Savile Row, London, wakati wale wanne walikuwa wakigombana kila siku. Alikaa kwenye piano ya umeme na hali ya hewa ikabadilika. Mbele ya mgeni watu walianza kuwa na adabu. Singo ya "Get Back" ilipotoka Aprili mwaka huo, iliandikwa "The Beatles with Billy Preston", heshima ambayo Beatles hawakumpa mwanamuziki mwingine yeyote wa nje. Solo ya piano ya umeme mle ndani ni yake. Kwenye mabano yakaandikwa majina mawili tu, Lennon na McCartney.

Preston akaenda kujiandikia nyimbo zake. "Will It Go Round in Circles" ilishika namba moja Marekani mwaka 1973, na "Nothing from Nothing" ikafanya hivyo mwaka 1974, zote akiwa ametunga na Bruce Fisher yuleyule. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti halisi kati yake na Hopkins, na haina uhusiano na nani alipiga vizuri zaidi. Hopkins naye alitunga: "Edward, the Mad Shirt Grinder" akiwa na Quicksilver Messenger Service, "Girl from Mill Valley" akiwa na mpiga gitaa Jeff Beck, na albamu yake mwenyewe ya mwaka 1973, "The Tin Man Was a Dreamer". Ni muziki mzuri. Ila vingi ni vipande vya piano, na kipande cha piano hakirekodiwi upya na waimbaji hamsini.

Kesi ya dakika nne za kinanda

Mei 1967 bendi ya Procol Harum ilitoa "A Whiter Shade of Pale". Kinanda cha Hammond kinaufungua wimbo kwa hatua nane za muziki zenye harufu ya Bach, kisha kinarudi kati ya beti. Aliyekipapasa ni Matthew Fisher (si yule Bruce wa Preston), kijana aliyejiunga na bendi mapema mwaka huo. Watunzi walioandikwa ni Gary Brooker, mwimbaji, na Keith Reid, mwandishi wa maneno. Fisher aliondoka kwenye bendi mwaka 1969, na baadaye akaingia kwenye kazi ya programu za kompyuta.

Mwaka 2005, miaka 38 baada ya kurekodi, alifungua kesi.

Utetezi wa Brooker ulikuwa na mantiki. Wimbo, alisema, ulikuwepo kabla Fisher hajaja: maneno yapo, melodi ya kuimba ipo, besi inayoshuka hatua kwa hatua ipo. Fisher alifanya kile ambacho kila mpapasa kinanda hufanya, alitafuta cha kucheza juu yake. Na hilo ni kweli. Swali ambalo mahakama ilipaswa kujibu ni kama alichokitafuta kilikuwa uchezaji tu au kilikuwa utunzi. Desemba 2006 Jaji Blackburne alisema ni utunzi: melodi ile ya kinanda ni tofauti na melodi ya kuimba, ina uhalisi wake, na ni sehemu kubwa ya kazi iliyorekodiwa. Alimpa Fisher asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki.

Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Fisher ni mtunzi mwenza, lakini ikamnyima pesa kwa kuwa alikaa kimya mno. Julai 2009 Bunge la Malodi, ambalo wakati ule bado lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa Uingereza, likamrudishia. Hoja ya malodi ilikuwa fupi na nzuri: ucheleweshaji huo ulimuumiza nani? Brooker na wachapishaji walikuwa wamekula fungu la Fisher miaka yote hiyo. Kuchelewa kwake kuliwanufaisha. Hata hivyo malipo yalihesabiwa kuanzia Mei 2005 alipodai. Ya miaka 38 ya mwanzo hayakurudi.

Ukitaka kujua mpaka uko wapi, jaribu kuvua. Ondoa kinanda cha Fisher kwenye wimbo ule na kinachobaki hakitambuliki. Sasa vua kinanda kwenye "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan. Hadithi yake ni maarufu, na inastahili. Tarehe 16 Juni 1965, Studio A ya Columbia, New York. Al Kooper, kijana wa miaka 21, alikaribishwa na mtayarishaji Tom Wilson aje kutazama tu. Alikuja na gitaa lake akitumaini kupenyeza. Akamsikia mpiga gitaa Mike Bloomfield akipasha vidole, akarudisha gitaa kwenye boksi. Baadaye Paul Griffin akahamishwa kutoka kwenye kinanda cha Hammond kwenda kwenye piano, kiti kikabaki wazi, na Kooper akajipenyeza. Hakuwa mpapasa kinanda. Bahati yake chombo kilikuwa kimeshawashwa, maana kuwasha Hammond kuna utaratibu ambao yeye hakuujua. Alipiga akichelewa kidogo nyuma ya wenzake, akisubiri asikie bendi inaenda sauti gani ndipo aweke mkono. Waliposikiliza rekodi, Dylan akataka kinanda kiongezwe sauti. Wilson akamwambia yule si mpiga kinanda. Dylan hakujali.

Kule kuchelewa kidogo ndiko kunakoupa wimbo ule mwendo wake wa kuyumba. Hata hivyo ukikiondoa, wimbo wa Dylan unabaki umesimama: maneno yapo, melodi ipo, kiitikio kipo. Kooper alipaka rangi; Fisher alijenga chumba. Sidhani kama Kooper mwenyewe angebisha. "She's a Rainbow" je? Mimi ningeiweka upande wa Fisher bila kusita, lakini Hopkins hakuwahi kwenda mahakamani kuhusu wimbo huo, na bila mahakama hayo yanabaki maoni ya msikilizaji.

Mahakama za Uingereza zimewasaidia wanamuziki wengine wa aina hii. Bobby Valentino, mpiga fidla wa kukodi, alishinda mwaka 2003 kuhusu kifungu chake kwenye "Young at Heart" ya Bluebells. Clare Torry, mwimbaji aliyelipwa pauni 30 mwaka 1973 kwa kulia bila maneno kwenye "The Great Gig in the Sky" ya Pink Floyd, alifungua kesi na wakapatana mwaka 2005 nje ya mahakama. Tangu hapo jina lake limeandikwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright, ambaye kumbe ndiye mpapasa kinanda wa bendi. Mara hii mwenye kinanda alikuwa upande wa pili wa meza.

Marekani ni kugumu zaidi. Kule mahakama huuliza kama wahusika wote walikusudia tangu mwanzo kuwa watunzi wenza, na mwanamuziki aliyeitwa kwa ujira wa saa tatu atapata shida kuthibitisha kwamba Dylan alikusudia hivyo. Tena mtu akikataliwa waziwazi kwamba si mmiliki, ana miaka mitatu ya kudai. Fisher, kama angeishtaki kesi yake New York, angeweza kushindwa kabla hajaeleza hata noti moja.

Mvutano huu tunaujua hata kwetu. "Malaika" ulisambazwa na Fadhili William, ukarekodiwa na Miriam Makeba na Boney M, na mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi halisi ni Adam Salim. Kenya nayo ilikuja kuwa na vyama vitatu vya kukusanya mirabaha, MCSK cha watunzi, KAMP cha watayarishaji wa rekodi na PRISK cha waimbaji na wapigaji, na wanamuziki wengi walilalamikia mlolongo huo. Lakini utatu huo haukuzuka hewani. Unafuata mgawanyo uleule tulioueleza: utunzi, rekodi, na waliomo ndani ya rekodi.

Waliovuka upande wa pili

Kooper hakuwa mgeni wa pesa ya mabano. Miezi michache kabla ya siku ile ya Dylan, "This Diamond Ring", wimbo aliotunga na wenzake wawili, ulikuwa namba moja Marekani kupitia kundi la Gary Lewis. Na aliyeupanga muziki wa santuri hiyo ni mpapasa kinanda mwingine wa kukodi wa Los Angeles, Leon Russell.

Russell ndiye ningemchagua kama ningetakiwa kuonyesha njia nzima kwa mtu mmoja. Alizaliwa Oklahoma mwaka 1942, akapiga klabu za Tulsa akiwa bado mwanafunzi, kisha akahamia Los Angeles na kuwa sehemu ya kundi lisilo rasmi la wanamuziki wa studio ambalo baadaye liliitwa Wrecking Crew. Waliosikiliza redio miaka ya 1960 walimsikia karibu kila siku bila kulijua jina lake. Mwishoni mwa muongo huo akaanza kujiandikia. "Delta Lady" akaichukua Cocker. "Superstar", aliyotunga na Bonnie Bramlett, wakaichukua Carpenters mwaka 1971. "A Song for You" imeimbwa na Donny Hathaway, Ray Charles na wengine wengi. George Benson aliirekodi "This Masquerade" mwaka 1976, ikamletea tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka.

Tazama aina ya nyimbo hizo. Ni nyimbo ambazo mwimbaji mwingine anaweza kuzivaa. Russell alikuwa na sauti ya puani isiyompendeza kila mtu, lakini alitunga kwa ajili ya sauti yoyote. Umaarufu wake mwenyewe ulififia miaka ya 1980, hadi Elton John alipomwinua tena kwa albamu ya pamoja mwaka 2010. Katika miaka yote hiyo ya giza nyimbo ziliendelea kuimbwa na wengine.

Spooner Oldham wa Alabama alifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kinanda cha Farfisa kwenye "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge ya mwaka 1966 ni chake, na utunzi si wake. Mwaka 1967, Aretha Franklin na bendi walipokwama wasijue waanzeje "I Never Loved a Man", Oldham ndiye aliyepata kifungu cha Wurlitzer, aina ya piano ya umeme, kilichofungua njia. Utunzi tena si wake. Ila jioni alikuwa akikaa na rafiki yake Dan Penn wakitunga, na humo zikatoka "I'm Your Puppet" na "Cry Like a Baby". Mchana ujira, jioni hakimiliki.

Isidhaniwe kwamba kuwa mtunzi ni kinga kamili. Jagger na Richards wenyewe, walioandikwa watunzi wa hizo nyimbo za Rolling Stones alizopiga Hopkins miaka ya 1960, walijikuta haki za nyimbo zao za kabla ya 1971 ziko mikononi mwa kampuni ya aliyekuwa meneja wao, Allen Klein.

Makombo yameongezeka

Kuna fungu la tatu ambalo Hopkins kijana hakuwa nalo: haki ya mpigaji kulipwa rekodi inapopigwa hadharani. Uingereza iliweka haki hiyo wazi mwaka 1996, ikiwahusu hata wa kukodi, na taasisi ya PPL ndiyo inayokusanya. Mwaka 2013 muda wa ulinzi wa rekodi ulipanuliwa kutoka miaka 50 hadi 70, na kampuni zikatakiwa kutenga asilimia 20 ya mapato ya miaka hiyo ya ziada kwa ajili ya wanamuziki wa kukodi waliolipwa mara moja.

Marekani, redio za kawaida za FM hazimlipi mpigaji wala mwimbaji hata senti. Zinamlipa mtunzi peke yake. Redio za intaneti na za setilaiti ndizo zinazolipa wote, kwa mgawanyo uliowekwa kisheria. Katika kila dola 100, mmiliki wa rekodi anapata 50, msanii mkuu 45, na zile tano zilizobaki wanagawana waimbaji wa nyuma na wapigaji wa kukodi, nusu kwa nusu. Yaani wapiga ala wote wa kukodi wa wimbo huo wanakaa kwenye dola mbili na nusu. Rekodi za kabla ya 1972 ziliingizwa rasmi kwenye utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 2018, na humo ndimo ilimo kazi kubwa ya Hopkins. Yeye alikuwa amefariki Nashville tarehe 6 Septemba 1994, akiwa na miaka 50, tumbo lilelile likiwa chanzo. Mwaka 2025 aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame.

Siku hizi, vikao vingi vya utunzi huishia na karatasi ya mgawanyo: jina la kila aliyechangia, asilimia yake, jumla iwe 100, sahihi za wote, kabla mtu hajatoka mlangoni. Wanaoijaza ni wale walioitwa kama watunzi. Mpapasa kinanda aliyeitwa kuweka "kitu hapo mwanzo" bado hupewa fomu nyingine, ya ujira, na akiuliza kuhusu ile ya kwanza anajua kabisa kwamba wiki ijayo simu inaweza kumwendea mwenzake. Fisher hakuwa hata wa kukodi. Alikuwa mwanabendi mwenye haki ya kuuliza siku yoyote, na bado ilimchukua miaka 38 kufika mahakamani.